Kumsubiri Akojoe

Jumanne, 3 Juni
Kreta tena, chini kwenye bonde la hifadhi. Watalii wanne garini, ukungu mzito, faru hakuna. Mawazo yangu yako Karatu, mke wangu Paskalina ni mjamzito, leo anapigwa picha ya mtoto tumboni. Huku chini mtandao ni wa kubahatisha. Tulipopanda ukingoni simu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe wake. Mtoto wa kiume. Figo zote mbili zimejaa maji.

Nimeendesha vibaya mpaka loji. Mgeni mmoja akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekwenda na Paskalina kwa daktari. Dada mpole, anaongea taratibu mpaka inaudhi. Anasema figo za mtoto huanza chini, kwenye nyonga, halafu hupanda kidogo kidogo mpaka mgongoni. Za huyu zimepanda vizuri. Shida iko njiani kushuka. Huenda kuna kijingozi kimeziba mrija wa kutokea, mkojo ukarudi nyuma mpaka kwenye figo. Huenda ni njia zimetanuka tu na zitajirudi zenyewe. Huenda, huenda. Nimechoka na huenda.

Jambo jingine sikuwa nalijua. Yale maji mtoto anayoelea ndani yake, sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Anayameza, anayakojoa, anayameza tena. Yakipungua sana, mapafu hayakui. Ya Paskalina yanatosha, kwa sasa. Miaka yote nawahubiria watu wazima habari za mkojo wa faru, na hili silijui.

Alhamisi, 19 Juni
Nimegombana na mama. Kaficha jagi la maji. Hesabu yake: mtoto kajaa maji, basi mama yake apunguze kunywa. Paskalina midomo imemkauka na hasemi, anamheshimu mkwewe. Nikampigia daktari, nikaweka spika. Anywe kama kawaida, anachokunywa hakivimbishi figo za mtoto.

Mama hajanisemesha tangu hapo. Ila jagi limerudi, limejaa.

Jumapili, 6 Julai
Kanisani nimeshindwa kukaa. Nikatoka, nikafuta vioo vya gari ambavyo vilikuwa safi. Naogopa. Basi.

Jumatano, 23 Julai
Amezaliwa, kwa upasuaji. Analia kwa nguvu, kwa hiyo mapafu yapo. Nimelia mimi pia, nyuma ya jengo.

Daktari anataka kumpima tena wiki ijayo. Kabla ya hapo tuangalie anavyokojoa. Akirusha mkojo mbele kwa nguvu, tusubiri kipimo. Akidondosha matone, tumlete siku hiyo hiyo, apelekwe rufaa akazibuliwe. Nepi kulowa haitoshi. Hata matone hulowesha.

Jumamosi, 26 Julai
Tumerudi nyumbani, Rhotia. Hospitalini kila nesi alikuta nepi imeshalowa. Hapa ni vibaya zaidi. Kwetu mwanaume haingii chumba cha mzazi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, na mama ameshika mlango kama geti la hifadhi. Baridi ya Julai, kamfunga mtoto kanga tatu. Kila akifungua, ameshalowa.

"Amekojoa, Baba Neema. Nenda kazini."

Umemwona akikojoa? nauliza. Hajamwona. Paskalina mshono unamuuma, hawezi kuinama. Nina hasira na mama, na kanga zake, na mila, na mwezi huu wote. Yule mtoto anaweza kuwa anaharibika figo ndani ya kanga safi.

Jumapili, 27 Julai
Safari ya leo nimempa dereva mwingine. Nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Binti yetu Neema ananiletea chai kana kwamba mimi ni mlinzi.

Jioni Paskalina akasema kutoka ndani, kwa sauti niliyoisikia vizuri: "Mama, huyu kazi yake ni kungoja mnyama mpaka atokee. Mwache angoje mwanawe."

Halafu mama: "Kesho. Jua likiingia dirishani."

Jumatatu, 28 Julai
Jua lilifika kitandani. Mama akavua kanga zote tatu, akamlaza juu ya taulo, akageukia ukuta. Nikakaa kwenye kigoda.

Hii naijua. Usiongee, usitikisike, usiangalie saa. Mtoto alipiga miayo. Akanyoosha mguu mmoja. Akapiga chafya, mama akageuka kumfunika, nikamzuia kwa mkono.

Halafu akarusha mkojo. Juu, mfululizo, bila kukatika, ukapita ukingo wa kitanda ukanipata kifuani, kwenye shati la kazi.

Paskalina alicheka huku ameshika mshono. Mama aliketi palepale sakafuni, akajifuta macho kwa moja ya zile kanga. Kisha akanionyesha mlango kwa kidole, nikatoka.

Nimempigia daktari. Kasema vizuri, tusubiri kipimo cha Jumatano. Figo bado ni kubwa, hilo halijaisha. Lakini njia iko wazi, nimeiona mwenyewe.

Shati nimelitundika kwenye kamba. Sijalifua.