Karai la Macalder

Kuruthum, uko? Dani amevunja TV.

Nyumba ilikuwa imejaa, tunaangalia zile katuni za zamani. Paka anapigwa sufuria, uso unakuwa bapa kama chapati, anainuka anakimbia. Watu wanacheka hadi machozi. Nyanya yangu, huyu Dani Awino, akarusha kigoda. Kioo kwisha.

Kisha akatuambia, na sauti haikupanda hata kidogo.

Mwaka wa sitini na sita gari la sinema lilikuja Macalder, kule machimboni, na katuni kama hizo. Kesho yake asubuhi Awino alikuwa mtoni na mumewe James, wakiosha mchanga kutafuta dhahabu. James ndiye babu yangu, ambaye sisi tumekuwa tukiambiwa alizama tu.

Cephas, mchimbaji mwenzao, akamnyemelea kwa nyuma, akampiga kichwani na karai la chuma, kwa nguvu zake zote. James akaanguka kifudifudi majini. Mto mzima ukacheka.

Awino akapiga nduru. Wakazidi kucheka, wakidhani naye anaigiza.

"Amka, omera, ndugu yangu," Cephas akasema. "Paka huwa anaamka."

Akangoja. James hakuamka. Basi akainua karai akampiga tena, Kuruthum. Akampiga tena, kwa sababu kwenye sinema ndivyo walivyofanya.

Awino akamnyang'anya lile karai, akampasua nalo mdomo. Meno yakaruka. Halafu akamvuta mumewe kutoka majini, ameshakufa, na watu bado wameshika mbavu, wanamwambia Cephas sasa ni zamu yake kuanguka.