Ndala Chini ya Vyerehani

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umepumzika, na goti halikusumbui kama wakati ule wa kuokota korosho. Huku sote wazima, joto tu ndilo limetuzoea. Najua unashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu ni ya Mama mdogo, na haya ninayokuandikia nisingeweza kuyasema akiwa amekaa pembeni, ingawa sasa anayajua yote.

Unaikumbuka ile stoo ya vitenge ghorofani, juu ya kibaraza anaposhonea Mama mdogo na wenzake? Imekuwa ofisi ya meza za kukodi. Mtu anakuja na kompyuta yake, analipia meza, anafanya kazi ya kampuni iliyoko mbali huko. Mtaa umebadilika. Mzee wa kahawa amehamia mtaa wa nyuma, maana wale wa juu wana mashine yao, na mimi namkumbuka. Mama lishe wa kona siku hizi anachemsha na chai isiyo na sukari, anacheka mwenyewe akiimimina. Mafundi nao wanaletewa suruali za kupunguza kila siku.

Dada Joyce, msimamizi wa ofisi hiyo, aliniruhusu kukaa meza ya dirishani nikitoka shule, nitumie intaneti yao kwa kazi za shule. Unanijua nilivyo. Nilikuwa nawapita mafundi kichwa chini, bila hata salamu, nikiogopa kutaniwa. Fundi Chande, anayekaa karibu na ngazi, alikuwa akisema, "Msomi huyo kapita. Sisi wa chini tusubiri salamu kwa barua."

Siku moja kaka mmoja kule juu alivua hedifoni, akaniuliza kwa Kiingereza kelele zile ni za nini. Nikamwambia ni vyerehani vya mafundi wa chini. Akauliza kama nawafahamu. Mama, nilisema hapana. Nilisema kwa Kiingereza kizuri kabisa, kile unachonilipia ada. Na cherehani kilichokuwa kikipiga kelele kuliko vyote ni chako, ulichomwachia Mama mdogo uliporudi Masasi.

Wiki iliyofuata mwenye nyumba akaja. Wapangaji wa juu wanalalamika, mafundi wahame kibarazani mwezi ukiisha, wote sita. Fundi Chande akanitazama. "Huyu si anakaa nao? Angetusemea."

"Mwacheni mwanangu," Mama mdogo akasema. "Ana aibu tu, hana kiburi."

Jumamosi asubuhi, nikishona vifungo pembeni yake, nikamwambia kila kitu. Hakunitazama. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Nikajua leo napigwa. Akavua ndala zake, akazikata vipande kwa mkasi wa kitambaa, ule ambao haturuhusu tuukatie hata karatasi. Akaniambia niinue cherehani, akaweka kipande chini ya kila mguu, akakanyaga. Ile ngurumo ya chuma kwenye sementi ikawa mnong'ono.

"Vueni ndala wote," akawaambia wenzake.

"Mimi nirudi Ilala pekupeku?" Fundi Chande akauliza.

"Utarudi una kazi."

Kisha akanigeukia. "Wewe panda juu. Ulikonikana, ukanitambulishe hukohuko."

Nilipanda. Nikapiga hodi, hakuna aliyesikia, masikio yote yamezibwa. Nikapiga tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Vichwa vyote vikageuka, Kiingereza chote kikanikimbia. Nikasema kwa Kiswahili, "Fundi wa chini, mwenye cherehani cha kelele, ni mama yangu mdogo. Nilisema simjui. Namjua." Machozi yakanitoka lakini sikukimbia. Kiingereza kikarudi taratibu, nikawaambia mafundi wamepata dawa ya kelele, nikawaomba wasikilize kwanza kabla watu hawajafukuzwa.

Dada Joyce akafungua dirisha. Zikaingia honi na sauti ya muuza maji, lakini cherehani hakikusikika hata kimoja.

"Haya, waambie waanze," akasema.

"Walianza kabla sijapiga hodi."

Yule kaka ndiye aliyecheka wa kwanza. Siku hiyohiyo wakampigia mwenye nyumba, naye akaja akasema, "Wa juu wakiridhika, mimi nigombane na nani?" Sasa wakiwa na kikao kikubwa, Dada Joyce anatundika kitenge chekundu dirishani, na mafundi wanashika kazi za mkono mpaka kitolewe. Kibaraza hakiendi popote, Mama.

Nisalimie Bibi na kifua chake, Mjomba mlinzi wa ghala, na mdogo wangu wa darasa la tatu. Akitokea mtu wa kuja huku, mpe ndala za Mama mdogo, namba saba. Alirudi nyumbani pekupeku akiimba njia nzima.

Ni mimi mwanao Zuhura, ambaye sasa kila nikifika kwenye ngazi nasalimia mafundi wote sita, nikianza na Fundi Chande.