Kabla Hatujauza Nyumba

Baba Da-on,

Supu ya mwani iko jikoni, ipashe moto tu. Mama yako apewe dawa ya presha akishakula. Da-on umfuate shuleni saa tisa, usimsahau getini, bwana mkurugenzi mtarajiwa.

Hongera tena kwa kuchaguliwa kujiunga na chuo. Nimefurahi kuipata habari leo asubuhi mezani, pamoja na paka, mama yako akiwa ameshaanza kulia kwa furaha. Kumbe tunauza nyumba, unaacha kazi na unakwenda Seoul miaka miwili kusomea shahada ya biashara! Chai ikaniponyoka, nawe ukasema, "Mama Da-on, usionee wivu maendeleo." Wivu, mimi? Mimi niliyekuwa nakupikia kahawa ukidai unamalizia ripoti za ofisi, kumbe unajisomea mtihani wa kuingilia.

Umeshamuuliza bosi wako, mwalimu wako wa zamani, hata kinyozi. Kinyozi kasema shahada hiyo inalipa. Tushukuru, tumepata mtaalamu.

~~Siuzi nyumba. Jina langu nalo limo kwenye hati. Nenda ukalale kwa kinyozi.~~

Haya, nimefuta. Nimekuona ukirudi kichwa chini kila wanapompandisha cheo mwingine, na roho imeniuma. Pengine shahada hiyo inafaa kweli, sijui. Ada usiilipe leo. Nikirudi jioni, zima televisheni, keti, uniulize kama mtu amuulizavyo mkewe.

Huenda nikakubali.

Mama Da-on