Bati la Kukinga Gomesi

Karakana ya Odoi,
Barabara ya Mbale,
Tororo, Uganda.
10 Novemba, 1957

Mpendwa mpwa wangu Ikwap,

Pokea salamu zetu sisi sote wa huku. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Agwang na yule mdogo aliyekuwa akikohoa. Kifua chake kimetulia? Nasikia baridi ya Nakuru mwezi huu haina adabu. Mvalisheni sweta, na msimlaze karibu na mlango.

Huku hatujambo. Pamba imeanza kupasuka, na mke wangu Abbo anashinda shambani na watu wake mpaka jua linazama. Mgongo unanisumbua kidogo nikiinama muda mrefu, lakini hiyo ndiyo kazi niliyoichagua, simlaumu mtu.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaiweka mezani, nikaenda kunywa maji. Habari za mama yako umeziuliza kwa mstari mmoja, kisha ukajaza ukurasa mzima wa habari za pikipiki. Nimekasirika, Ikwap. Nakuambia mapema ili usihangaike kuitafuta hasira yangu katikati ya maneno.

Basi nianze na mama yako, dada yangu Akumu. Telegramu uliyopelekewa ilisema ameanguka na yuko hospitali, na zaidi ya hapo hukujua. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Amefungwa plasta, na sasa ametoka hospitali, yuko hapa kwangu Tororo kwa sababu njia ya kwenu Kwapa ina mashimo mengi. Kisigino kilichunika vibaya, ila kinapona. Daktari anasema atatembea, lakini huenda akahitaji fimbo. Anakula vizuri na anamgombeza Abbo kuhusu chumvi, kwa hiyo roho yake iko mahali pake.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa, maana mdogo wako Etyang hawezi kukuandikia. Kila akishika kalamu anaiweka chini.

Siku ile walikuwa wanakwenda Masaba kwa dada yenu Amulen, kwenye ubatizo wa mtoto wake. Mama yako alipanda ile pikipiki yako nyuma ya Etyang kama alivyozoea kupanda nyuma ya marehemu baba yenu, amekaa upande, miguu yote kushoto, vazi lake refu la gomesi la sikukuu mwilini na mshipi umefungwa kiunoni. Kwenye mteremko kabla ya Busia, ule unaoishia kwenye daraja la mbao, walikuta ng'ombe wanavuka. Etyang akabana mkono wa breki ya mbele. Breki haikuwepo, ilikwisha kuondolewa, na mkono wake ulisahau; ya nyuma peke yake haikutosha kwa mteremko ule. Akafanya kile ambacho vijana wote wa hapa mpakani wanafanya na baisikeli zao zisizo na breki: akashusha mguu akasukuma kandambili la mpira kwenye tairi ya mbele.

Hebu fikiria, kandambili kwenye pikipiki! Kwa baisikeli sawa, hata mimi nimewahi kufanya hivyo. Lakini lile lidude lina uzito wa fahali. Kandambili lilinyakuliwa likatupwa mtoni, pamoja na ngozi ya unyayo wake. Hata hivyo pikipiki ilipungua mwendo, na ng'ombe wakapita. Ingeishia hapo, leo tungekuwa tunacheka. Ila wakati wanayumba, mshipi wa gomesi ulishuka ukaingia kwenye cheni, cheni ikaumeza, ikamvuta mama yako chini kama ndoo inavyotumbukia kisimani.

Cheni ilikuwa wazi. Gurudumu lilikuwa wazi. Na wewe unajua kwa nini yalikuwa wazi.

Etyang alinionyesha ile picha uliyomkatia kutoka gazetini, ya pikipiki za Wazungu za mashindano huko kwenu, zilizovuliwa kila kitu zikabaki mifupa. Na maagizo yako niliyasoma: madigadi zinazofunika magurudumu zitoke, usukani ushuke, breki ya mbele itoke kwa sababu nyaya zake zinaharibu sura, fremu ikatwe nyuma ya kiti. Na ukaandika, "lile debe la mafuta ya taa pembeni litupwe kabisa, linatia aibu."

Alikuja kwangu kwanza. Nikamwambia angoje, nitakuandikia kwanza. Hakungoja. Alikuogopa wewe mkubwa wake kuliko alivyoniogopa mimi, akaipeleka Busia kwa Edeku, fundi wa baisikeli, na Edeku akachukua msumeno wa chuma akafanya alichoambiwa. Sina neno baya juu ya Edeku. Kwa baisikeli hana mpinzani mpaka Kisumu. Nikimlaumu yeye nitakuwa namlaumu msumeno.

Lakini lile uliloliita debe, mwanangu, halikuwa debe. Nilidhani unajua. Kumbe ulikuwa mdogo mno, au ulikuwa unaliangalia kwa macho ya wenzako wa shule waliokuwa wakiita pikipiki ya baba yako kuku mwenye bawa moja.

Baba yako alipoinunua ile pikipiki kwa yule Mzungu wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao, haikuwa na kitu pembeni. Ilikuwa nzuri kweli, nyeusi yote, na mstari wa dhahabu kwenye tangi. Jumapili moja anatoka kanisani na mama yako, mshipi wa gomesi ukagusa cheni. Walikuwa wanakwenda polepole, ukachanika tu. Baba yako Ekaju hakupanda tena siku ile. Aliisukuma kwa miguu kutoka Kwapa mpaka hapa karakana, amevaa suti, jasho linamtoka, akaniambia, "Shemeji, hii mashine nataka kula dada yako. Fanya kitu."

Nikakata bati lililobaki tulipoezeka kanisa. Nikalikunja kingo zote ili lisimkate mguu, nikalipigilia kwa misumari ya ribiti upande wa kushoto, likafunika cheni na nusu ya gurudumu. Rangi iliyokuwepo ilikuwa ya kijani ya madirisha, nikapaka hiyo hiyo. Lilikuwa baya, sikatai. Nilimwambia hivyo. Baba yako alilizunguka, akaliangalia, akasema uzuri wa mashine ulikuwa wake, lakini hili ni la Akumu, na mwenye kucheka acheke. Watu walicheka mpaka akafa, naye alikuwa akiwapungia mkono.

Kwa hiyo usije ukasema mjomba ni mzee, hapendi mabadiliko. Baba yako aliibadilisha kabla yako, na mimi ndiye niliyeibadilisha. Mkate wangu wa kila siku ni kubadilisha vitu. Nimemfungia padri kigari cha pembeni cha kubebea madebe ya maziwa, nimemwekea mtu wa Buhehe keria inayobeba mbuzi wawili. Sioni dhambi katika kukata chuma. Ila kila kitu kilichofungwa kwenye mashine kilifungwa kwa ajili ya mtu fulani, na kabla hujakifungua mtafute huyo mtu umuulize. Wewe ulikuwa Nakuru, uliangalia picha, ukaamua kwa niaba ya aliyekaa nyuma.

Tena ile ni mashine kuukuu. Ingekuwa ya juzi ningekwenda dukani kwa Mhindi nikanunua madigadi nyingine jioni hiyo hiyo. Ya baba yako haina tena ndugu duniani. Waliozitengeneza wameacha zamani. Ukikata, umekata. Fremu ile imekatwa pale inapobeba uzito wa abiria, halafu Edeku akairudisha kwa kuchomelea juu juu na kuizungushia mpira wa tyubu. Niliyaona hayo nilipoifungua hapa karakana. Ingevunjika wiki yoyote, na siku hiyo kusingekuwa na habari ya mguu mmoja.

Nilikwenda Busia kulitafuta bati. Nililikuta kwa mke wake Edeku, Nasirumbi, anayekaanga mandazi kando ya barabara. Alikuwa amelisimamisha mbele ya jiko kukinga upepo. Nikamweleza ni la nani. Aliliondoa jikoni papo hapo, moto ukaanza kuyumba, akalifuta masizi kwa kanga yake mwenyewe. Akaniambia, "Mzee, mimi nasikia watu nasema mama alianguka, sikujua kumbe bati yake iko hapa kwangu. Chukua. Na hii mandazi pelekea yeye." Nilileta vyote viwili. Mandazi hayakufika yote, njia ni ndefu.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi, na si pikipiki.

Baba yako mkubwa Osire aliita kikao cha ukoo. Mimi nilikwenda kama mjomba, nikakaa pembeni, maana ng'ombe wa kwenu si wa kwetu kuwaamulia. Unajua Etyang amemchumbia Awor, na ng'ombe wa mahari walikuwa watoke mwezi wa Januari. Osire alisimama akasema kijana aliyemwangusha mama yake chini kama gunia hawezi kupewa ng'ombe wa kuleta mwanamke mwingine nyumbani. Wazee wakaitikia. Wakamuuliza Etyang nani alimwambia aivue pikipiki ile. Akasema ni akili yake mwenyewe.

Aliwajibu hivyo mbele ya watu wote, na wewe hukutajwa. Nilimtazama, akanipa jicho la kuniomba ninyamaze. Nikanyamaza, kwa sababu si mdomo wangu uliotoa amri ile. Uamuzi wa mwisho utatolewa siku tatu baada ya Krismasi. Watu wa Awor wamekwisha kusikia, na kuna mfanyabiashara mmoja wa Malaba anayemzungukia binti yule kwa zawadi.

Nakuuliza tu, Ikwap. Ulirithi pikipiki kwa sababu wewe ndiye kifungua mimba. Siku ya kugawa vitu vya marehemu wazee walipokukabidhi ufunguo, uliupokea kwa mikono miwili mbele ya watu. Hili nalo ni la pikipiki ile ile. Utalipokea kwa mikono mingapi?

Umeniomba niimalizie "vizuri" kama kwenye picha, niipakie kwenye treni uipate kabla ya mwaka mpya. Sitaipakia. Nairudisha fremu kama inavyotakiwa, kwa chuma kipya ndani ya bomba, si mpira wa tyubu. Breki ya mbele nimekwisha kuifunga, na nyaya zinaonekana wazi kabisa, utazizoea. Madigadi nitazitengeneza kwa mkono. Usukani ukitaka kuushusha nitaushusha kidogo, maana wewe una mikono mirefu kuliko baba yako na hilo halimdhuru mtu. Ukitaka rangi nyekundu, nitapaka nyekundu. Unaona? Mjomba wako anasikia.

Bati linabaki. Hilo hatutaandikiana tena.

Na nimeweka sharti moja, nalo ni langu mwenyewe, silipeleki kwa wazee. Pikipiki haitoki karakana mpaka uje uichukue wewe, na safari yake ya kwanza ni kutoka hapa mpaka kikaoni Kwapa, na mama yako amekaa nyuma yako. Plasta itakuwa imeondolewa. Nataka uendeshe ukijua ni nani yuko mgongoni kwako. Mkifika, umshushe polepole, kisha useme mbele ya Osire na wazee wote kile ambacho Etyang amekubebea.

Niliogopa kumwambia dada yangu sharti hili. Ningewezaje kumrudisha kwenye kitu kilichomvunja? Tena sikuwa nimemwambia kwamba maagizo yalitoka Nakuru. Nilikuwa nazunguka zunguka tu na maneno. Salamu zake zimo hapo chini, utaona mwenyewe alivyonijibu.

Nisalimie sana Agwang, na umbusu mtoto. Abbo anakusalimu na anasema mje na sufuria yake mliyoondoka nayo. Amulen anasalimu kutoka Masaba. Mtoto alibatizwa Jumapili iliyofuata, kimya kimya, akaitwa Akumu. Etyang hakunituma salamu, lakini kila siku baada ya kazi za shamba anakuja na mguu wake uliofungwa, ananishikia taa na kunipigia tupa. Kwa hiyo nakupa salamu zake.

Mungu aliyemlinda mama yenu kwenye mteremko ule awalinde njiani, akupe na moyo wa kusema.

Salamu za mama yako ndizo za mwisho. Nilipomaliza kuzunguka, alinitazama akasema, "Odoi, ile picha mimi niliona kitambo, Etyang alibandika kwa ukuta. Nani wake iko Nakuru wa kumtumia gazeti kama si ndugu yake? Mwambie Ikwap akuje. Mimi napanda." Kisha akaniomba nisilipake bati rangi mpya, liwe la kijani vile vile. Hivi ninavyoandika amekaa mlangoni, mguu juu ya kiti, anashona mshipi mpya wa gomesi.

Mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikikasirika,

Odoi