Nyumba Tuliyomnunulia Mama kwa Pesa Zake

Barabara ya Cedar,
Oshawa, Ontario.
9 Februari 2026.

Mpendwa Dada Larysa,

Habari za Saskatoon? Bega la shemeji Bohdan limepona, au bado anakoroga chai kwa mkono wa kushoto? Sisi afya ipo. Mama kikohozi kimemwacha, na juzi alitupikia supu yake ya bitiruti tukala mpaka tukakwangua sufuria.

Ningependa kuishia hapo, lakini hali si hali. Dada, tunauza nyumba.

Unajua tulivyoinunua, ila hujui yote. Mwaka ule watu walikuwa wakigombea nyumba, nasi tulikuwa tumeshindwa mara sita. Dalali akatuambia, "Mkitaka fundi aikague kwanza, mwenye nyumba atamuuzia mwingine." Noreen akanivuta pembeni. "Roman, tuendelee kupanga mwaka mmoja. Nyumba haikimbii." Nikamjibu kwamba kodi ni kumnenepesha mtu mwingine. Mke wangu alikuwa sahihi, nami nilimcheka mbele ya dalali.

Mama akauza nyumba ya marehemu baba kule Sudbury, akatupa pesa za malipo ya awali. Wakili alimshauri aandikishe jina lake kwenye hati. Akakataa. "Mwanangu wa kumzaa atanidhulumu?"

Riba ya mkopo wa benki ilikuwa ndogo, na sikujali kwamba imefungwa kwa miaka mitano tu. Miaka hiyo imekwisha. Kwa kiwango kipya cha benki, malipo ya kila mwezi yamepanda dola mia saba, na Noreen kapunguziwa saa za kazi. Ukuta wa chumba cha chini, anakolala Mama, unavuja kila theluji inapoyeyuka. Fundi, kama tungemruhusu aikague, angeuona siku ya kwanza. Bei za nyumba nazo zimeanguka. Tukishamaliza na benki, kitakachobaki hakifiki robo ya alichotoa Mama.

Nilimweleza Jumapili moja, akiwa anakunja nguo. Nilitarajia anitukane; ningeshukuru. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nyumba ya baba yako ndiyo imeisha?"

Nikasema ndiyo.

"Basi usimwambie Larysa kwamba nilizitoa pesa zote. Alinikataza." Akaendelea kukunja.

Nimekuambia, kwa sababu siwezi kukuomba jambo huku nikikuficha jingine. Tumepata vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Chumba kimoja chetu, kingine cha watoto. Mama hataweza zile ngazi wala hana pa kulala. Mchukue, dada. Nitamleta mwenyewe.

Bado sijamwambia kwamba hatahamia nasi. Kila asubuhi anamuuliza Noreen kitanda chake tutakiweka upande gani, na Noreen anajibu, "Karibu na dirisha, Mama," kisha anakwenda kulia bafuni.

Una haki ya kukasirika. Kasirika, ila unijibu kabla ya mwisho wa Machi, maana tarehe mosi Aprili tunakabidhi funguo.

Nisalimie shemeji, na mwanao Darka na mumewe. Waambie wasiwe na haraka ya kununua nyumba. Mungu awalinde chini ya paa lenu.

Mdogo wako akupendaye, japo kwa aibu,

Roman