Siku Nilipoikumbatia Katamarani

Zuhura mpwa wangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea hapa Msamvu. Mama yako mzima, na karoti zake za Mgeta zimekubali. Unauliza: mbona mjomba anajisifu kwa mbio za katamarani na medali hana?

Sikiliza. Ile boti ya tanga ina mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja. Upepo ukikolea, mmoja unaacha maji kabisa. Wallahi tulipaa! Nahodha wetu akapiga kelele, "Mluguru, ning'inia nje, uzito wako uisawazishe boti!" Lakini sisi wa milimani ardhi ikiinama tunaikumbatia. Nikajilaza katikati kama gunia. Boti ikapinduka, mlingoti ukavunjika, na mimi kuogelea sijui. Nilikunywa nusu ya bahari.

Aliyekuwa anaongoza mbio akageuza boti yake, akanivuta kwa kola ya jaketi, kisha akampandisha nahodha wetu.

"Kaka, ushindi umeukosa," nikamwambia.

"Nyamaza, mtu wa kabichi," akacheka. "Shika kamba, na safari hii ning'inia nje."

Nikaning'inia, mgongo ukigusa povu, mbingu yote machoni. Hadi leo mwili unanisisimka. Tukafika wa mwisho, na ufuko mzima ukasimama kutushangilia.

Basi medali sina mimi, wala hana yeye. Kila ninapojisifu, namsifu yeye.

Mjomba wako,
Shabani