Kamera Iliyotazama Nyuma

Malolo,
Wilaya ya Ruangwa,
14 Agosti 2025.

Mpendwa Kaka Yasini,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu umenizidi miaka saba, na kwa sababu mama hakunilea niruke salamu, hata siku ambayo nakuandikia kwa hasira. Natumaini u mzima, na kwamba magoti ya Mama Mkubwa Sikudhani hayamsumbui tena kama wakati wa Idi.

Sisi hapa tu wazima. Baba anahangaika kupulizia salfa, maana mikorosho imeanza kutoa maua. Mama anakusalimu, hajui ninachokuandikia.

Nimechagua karatasi kwa makusudi. Simu yangu ya kwanza uliipokea ukicheka, tatu zilizofuata ukazikata. Bahasha hii na kifurushi chake nimevielekeza kwa Mama Mkubwa, na najua atakutaka umsomee kwa sauti. Msomee yote, Kaka. Usikate kipande.

Uliponitumia kamera mwezi Juni nilikushukuru kwa moyo safi. Andiko langu la mradi wa njia ya watalii wa baiskeli, kutoka Ruangwa hadi Kilimarondo, lilihitaji picha za vilima, na shahada peke yake haipigi picha. Uliniagiza niifunge kifuani. Nikakujibu kwa heshima kwamba binti wa Salimu hawezi kupita vijijini amefungwa mikanda kifuani kama punda wa maji. Nikajaribu juu ya kofia ngumu. Kofia juu ya mtandio huteleza, na kamera ikarekodi anga tupu kilomita nne. Kwenye usukani ilitikisika hata vilima vikafanana na uji unaochemka. Hatimaye niliifunga chini ya tandiko, ikitazama nyuma. Nilijivunia ubunifu huo. Leo naujutia, kwa kuwa kamera inayotazama nyuma humwonyesha anayekufuata, wala haionyeshi anakufuatia nini.

Naomba niweke bayana kilichotokea, kwa kuwa wewe ulikipokea chote na ukakitupa. Nilikuwa Kilimarondo, kijijini kwa Mjomba Abubakary, nikishuka mteremko wa mawe. Nikampita mzee mmoja akichunga ng'ombe, nikashuka kwenye baiskeli na kumwamkia kama inavyopasa, kisha nikaondoka. Mfuniko wa betri ya kamera ukachomoka. Mzee huyo, Maige, mfugaji aliyehamia huko kutoka Kanda ya Ziwa miaka minne iliyopita, akauokota na kunikimbilia, mfuniko mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akipaza sauti: "Wee binti! Simama! Umeangusha kakitu kako!" Ana umri wa Baba, Kaka. Alikimbia hadi pumzi ikamkatika.

Aliponifikia aliinama akaitazama kamera ilivyolegea, akatikisa kichwa. "Umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia chuo kikuu. "Basi huko hawafundishi kufunga kengele." Akatoa mfukoni ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwenye bomba la tandiko mara tatu, akaupitisha chini ya kamera na kuukaza kwa fundo wanalofungia kengele shingoni mwa ng'ombe. "Ng'ombe wangu anakimbia porini na kengele haijageuka hata siku moja. Hako kako ni kengele isiyolia, ila kanafungwa vilevile."

Nikamtania kwamba wao hawajui lolote duniani ila ng'ombe. Akanijibu papo hapo: "Na nyie ni korosho tu! Ng'ombe akipiga chafya, mnaitisha mkutano!" Tulicheka wote wawili. Tangu dakika hiyo tukawa watani.

Kutoka hapo picha zilitulia kabisa. Wewe mwenyewe ulinisifu kwa maneno haya: "Mdogo wangu, umejifunza wapi kufunga kamera?" Nilikutajia jina lake.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa maana sipendi kulaumu huku nikijificha. Nilipokutumia picha hizo uniunganishie kwa ajili ya andiko, niliandika: "Mtani wangu Maige nusura anicharaze fimbo!" Nilidhani naandikia mtu wa kwetu, anayejua kwamba neno la kwanza huondoa sumu ya maneno yote yanayofuata. Wewe ukalifuta hilo moja. Ukaweka kwenye ukurasa wako sekunde kumi na tisa za mzee anayekimbia na fimbo, ukaondoa sauti yake ukapachika ngoma, na juu yake ukaandika: "Mfugaji nusura amcharaze binti fimbo, Kilimarondo." Mimi sionekani, nilikuwa mbele. Kinachoonekana ni fimbo tu. Fimbo ya mchungaji, ambayo ni kama kalamu ya karani!

Nilipokupigia ulisema: "Punguza jazba. Kwani hakukimbia? Kwani hana fimbo? Video bila mkimbizano nani ataitazama?" Katika maswali hayo hukusema uongo hata mmoja, Kaka, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

Watu laki moja wameitazama. Ningependa nikueleze kuhusu watu wawili. Johari, mke wa Maige, alipeleka maziwa gulioni akarudi na dumu lake limejaa. Wanawake waliokuwa wakimwita shoga walimpa mgongo. Na Maige mwenyewe amezuiwa na vijana kunywesha mifugo kwenye lambo. Wewe unajua kuwa huko wakulima na wafugaji walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuelewana. Jumamosi ya tarehe 23 kijiji kitakutana kujadili kama familia hiyo ihamishwe. Mkutano, Kaka! Wala hakuna ng'ombe aliyepiga chafya.

Mjomba Abubakary amesimama kumtetea. Mimi nilipiga simu nikaongea na vijana hao moja kwa moja. Mmoja alinijibu: "Dada, umetishwa useme hivyo. Sisi tumeona kwa macho." Ndivyo tulipofikia: mimi niliyekuwepo siaminiki, simu yako inaaminika. Kwa hiyo siwezi kuyasafisha haya peke yangu. Nakutaka, wala sikuombi, uweke kwenye ukurasa uleule dakika zote kumi na moja, kuanzia salamu hadi fundo, sauti yake ikisikika na neno "mtani" likiwa mahali pake, kabla ya Jumamosi hiyo. Kadi yenye picha halisi ninayo mimi. Ijumaa ya tarehe 22 nitapanda kwenda Kilimarondo, na mkutanoni nitaicheza mbele ya wote. Ikiwa ukurasa wako utakuwa bado kimya, nitawatajia aliyeikata video, pamoja na ukoo wake, ambao ni wangu pia.

Mjomba anasema Maige aliazima simu ya jirani akaitazama video hiyo mara mbili. Hakugomba. Aliuliza tu, "Na sauti yangu wameiweka wapi? Mimi niliita."

Kamera yako imo kwenye kifurushi, mfuniko ukiwa mahali pake. Ukanda wa tyubu nimeufungua na kubaki nao. Huo haukuwa wako.

Msalimie sana Mama Mkubwa. Mwambie mchele wa Ruangwa utamfikia wiki ijayo. Msalimie na wifi Safina, na watoto wote. Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyopita juu ya mgongo wa mtu, na akulainishe moyo kabla Jumamosi haijafika.

Wako akupendaye, hata leo,

Asmaa Salimu,
mtani wa Maige.